Dawa ya Meno Haitibu Jino

Ninyi mnaoanza kazi hii leo mtaniwia radhi, sina maneno matamu. Nimestaafu na uchungu wangu, na sioni sababu ya kuuficha ili tu mnione bibi mwema. Kazi yangu ilikuwa meno ya watoto wadogo. Niliajiriwa kama tabibu wa meno kwenye kituo cha afya upande wa Ilemela, lakini muda mwingi sikuwa kituoni. Nilikuwa kwenye madarasa ya awali, kwenye mabomba ya shule, nikibembeleza watoto wapige mswaki. Watoto waliniita Bibi Meno hata kabla sijawa bibi wa mtu yeyote. Wafanyakazi wenzangu waliniita "yule wa miswaki", na kwa jinsi walivyolitamka ungedhani nauza hiyo miswaki stendi.

Nitawaeleza habari ya Mama Kulwa wa Pasiansi, maana ndiye ninayemfikiria kila nionapo boksi la miswaki likifunguliwa. Alikuwa mama mtiifu kuliko wote niliowahi kuwafundisha, na alimzika mtoto kwa sababu ya utiifu wake. Ila kwanza mjue kazi yenyewe ilivyo, la sivyo mtamwona mjinga, na hilo sitalivumilia.

Aliyenifundisha ni Mzee Masanja, Msukuma wa Magu, mtu mwembamba, mpole, mwenye meno yake yote mpaka siku tuliyomzika. Mimi ni Mkerewe. Yeye alikuwa hana herufi r mdomoni, nami nikikasirika l zangu zote zinageuka r, kwa hiyo tulitaniana kutwa. Siku yangu ya kwanza shuleni nilimsimamia mtoto mbele ya uso, nikamwambia fungua mdomo, nikaingiza mswaki. Akaning'ata kidole nikaona nyota. Mzee Masanja alicheka mpaka akakaa chini.

"Wewe Mkelewe," akasema, "mtu humjui jina, anakujia na kijiti anakuchokonoa mdomo, ungekaa kimya? Zunguka nyuma yake. Talatibu."

Nikazunguka. Huo ndio ujuzi wa kwanza ninaowapa, na utawafaa kuliko semina nyingi. Mtoto mdogo msimamie nyuma, kichwa chake kiegemee tumbo lako, kidevu ukiinue kwa kiganja, wote wawili mtazame upande mmoja. Hapo hakuoni kama adui anayemjia. Mswaki anza nao kwenye meno ya nyuma, kwa sababu subira ya mtoto ni fupi na ya mbele kila mtu anayakumbuka. Ile ya kwenye tyubu, jina lake nitalifikia, weka kiasi cha punje ya mchele kwa mdogo, punje ya njegere kwa aliyeanza shule. Akimaliza ateme, asisukutue kwa maji mengi, maana ataondoa kile kile ulichokuja kumwekea. Na kabla ya yote, piga mswaki wewe mwenyewe mbele yao, uteme povu, ujichafue kidevu. Mtoto hawezi kukataa kitu ambacho mtu mzima amekifanya akaonekana kichekesho.

Mzee Masanja alifundisha popote. Kigongo, enzi tunasubiri kivuko kwenda Busisi, kabla ya hilo daraja mnalopita sasa mkisinzia, alikuwa anatoa mswaki kwenye foleni anaanza somo. Wauza mahindi ya kuchoma, wachunga ng'ombe, akina mama na watoto wao mgongoni, wote wanamzunguka. Kuna baba mmoja hapo Kigongo alimuuliza swali ambalo nimeulizwa tena na tena baadaye. Alisema asubuhi anapiga mswaki sawa, maana anakwenda kusalimiana na watu. "Lakini usiku, mzee, nalala na mke wangu, mlango umefungwa. Nampigia nani mswaki?"

Watu walicheka, nami nilicheka. Sasa sichekei tena, kwa sababu ndivyo tulivyo karibu sote. Mswaki tunaupiga kwa ajili ya pua za wenzetu. Mtoto analala na uji wa sukari mdomoni, analala na mabaki ya muwa na pipi, na hakuna anayejali kwa kuwa hakuna mgeni wa kumnusa.

Jambo jingine la kujihadhari nalo ni maneno. Nilikuwa nawaambia watoto kwamba wadudu wanakula meno yao. Kila mtu anasema hivyo: jino limeliwa na wadudu. Basi binti mmoja wa darasa la awali akaniletea sisimizi kwenye kifuniko cha soda, amemfunika kwa kidole, macho yanang'aa. "Bibi Meno, nimemkamata!" Tulicheka sana ofisini kwa mwalimu. Mzee Masanja peke yake hakucheka. Alimuuliza yule mtoto kama ana wasiwasi wengine bado wamo, na mtoto akasema ndiyo, ndiyo maana hakulala. Akamkalisha, akamweleza polepole kwamba hawa wadudu hawana miguu. Baadaye aliniambia niwe mwangalifu na neno lolote ambalo msikilizaji tayari ana lake kichwani. Nilimsikia, nikaona ni uzee unasema.

Sasa Pasiansi.

Kulikuwa na uzinduzi. Ninyi vijana mnazipenda sana hizi shughuli, na fulana zake. Palikuwa na turubai, muziki, viti vya plastiki vyenye vitambaa, na maboksi ya miswaki iliyotoka kwa wahisani. Mimi nilipewa kiti cha nyuma nishike lile taya la bandia la kuonyeshea. Mgeni rasmi alikuwa mtu mchangamfu, sina ubaya naye, alisoma aliyoandikiwa. Akasema kwenye kipaza sauti: "Akina mama, mtoto apate dawa ya meno kila siku. Mtoto anayepata dawa ya meno hasumbuliwi na jino." Watu wakapiga makofi. Hakuna aliyekosea Kiswahili hapo. Ile ya kwenye tyubu ndivyo inavyoitwa, dukani, shuleni, nyumbani kwangu.

Mama Kulwa alikuwepo, amekaa mbele kabisa na mapacha wake wa kike, Kulwa na Doto. Alikuwa anaanika na kukaanga dagaa pale mwaloni, mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, mikono yake ina alama za mafuta mpaka kwenye viwiko. Elimu yake ilikuwa ya msingi, haikufika mwisho. Alinijia baada ya muziki kuzimwa, akapiga goti, "Shikamoo mama," akaniomba nimwonyeshe tena jinsi ya kushika mswaki, maana kule mbele hakuona vizuri. Nikamwonyesha kwa Doto. Doto alikuwa mcheshi, anacheka huku mswaki umo mdomoni, povu linamtoka puani.

Wiki chache baadaye nilipita mitaani kuona ile miswaki imefika wapi. Mmoja ulikuwa unasugua viatu vya shule. Mwingine ulikuwa saluni unalaza vinywele vya mbele vya bibi harusi. Nyumba moja walikuwa nao mmoja kwa familia nzima, umechomekwa kwenye tundu la ukuta karibu na mlango, baba akimaliza anapokea mtoto. Ndiyo kazi yenu hiyo, zoeeni. Kwa Mama Kulwa pekee nilikuta miswaki miwili midogo imesimama kwenye kikombe, imeoshwa, mmoja umefungwa uzi mwekundu ili isichanganywe. Nilitoka pale nimefurahi, nikijiambia kwamba hata mmoja anatosha.

Halafu ikafika asubuhi moja shuleni kwao. Watoto wamekunywa uji, wamejipanga bombani, mimi napita nyuma yao kama nilivyofundishwa. Nikamwona Kulwa yuko peke yake, na shavu lake la kushoto limekauka utando mweupe kama aliyepakwa chokaa. Wenzake wanamcheka.

"Kulwa, umepaka nini shavuni?"

"Dawa ya meno."

"Unaumwa jino?"

"Mimi siumwi. Anaumwa Doto."

"Sasa mbona umepakwa wewe?"

Akaniangalia kama vile mimi ndiye mtoto. "Sisi si mapacha, Bibi?"

Mnajua mila. Pacha hawabaguliwi. Kulwa akishonewa gauni, Doto anashonewa gauni, na mmoja akipewa dawa, mwenziwe anaonjeshwa. Nilimwuliza mwalimu wake Doto hajafika tangu lini, akasema siku nyingi kidogo, lakini ana taarifa: mtoto anaumwa jino na yuko kwenye dawa. Mwalimu alisikia neno dawa akaridhika. Nani asingeridhika? Mtoto mgonjwa, mama anajali, dawa ipo.

Nilikwenda mbio. Nakumbuka nilipoteza kandambili moja kwenye mtaro sikurudi kuiokota.

Doto alikuwa amelala kwenye mkeka uani. Upande mmoja wa uso ulikuwa umevimba mpaka jicho limejifunga, na uvimbe umeshuka chini ya taya hadi shingoni, mgumu, unawaka moto. Mate yalikuwa yanamtoka kwa sababu hawezi kumeza. Na uso wote ulikuwa mweupe, umepakwa ile ya kwenye tyubu tabaka juu ya tabaka, ya asubuhi imepasuka, ya karibuni bado mbichi, inanukia mnanaa. Mama Kulwa alikuwa amepiga magoti pembeni na tyubu mkononi, ameikunja kwa chini ili itoke yote.

"Shikamoo mama. Karibu," akasema. "Nampaka kutwa mara tatu, kama dawa. Ndani kwenye jino, na nje. Leo nimeongeza, naona uvimbe unazidi."

"Hospitali mmekwenda?"

"Nilisema imalizike kwanza hii. Si huwa wanasema dozi isikatishwe?"

Nawaombeni mlifikirie tena jibu hilo kabla hamjamcheka. Kila kitu alichofundishwa kuhusu dawa alikitimiza: apewe mgonjwa, kwa saa zake, na dozi imalizwe. Hakuna aliyemwambia kwamba hii dawa inayoitwa dawa haitibu kitu. Inasaidia kusafisha na kulinda jino zima. Jino likishatoboka na usaha ukaingia chini, unaweza kumpaka mtoto tyubu zote za Nyamagana na usaha utaendelea na safari yake.

Tulimpeleka hospitali kwa bajaji. Madaktari walifanya yaliyo ndani ya uwezo wao, walimpasua wakatoa usaha, wakamwekea dripu. Lakini ulikuwa umekwisha kushuka kooni. Doto alifariki siku iliyofuata, mama yake akiwa amemshika miguu.

Msibani nilisikia mambo ambayo mpaka leo yananichoma. Wifi yake alisema kwa sauti, "Mtoto gani anakufa kwa jino? Mama alikuwa anashinda kwenye madagaa yake." Mwingine akasema ni uchawi, mtu ametupa kitu. Nikasimama, mimi mgeni, mwenye msiba mwenyewe ameinamisha kichwa, nikawaambia kwamba mtoto anakufa kwa jino, ndiyo, usaha wa jino unaua, na kwamba mama huyu alimhudumia mtoto wake kwa neno alilopewa na sisi. Nilikuwa na hasira, l zangu zote ziligeuka r. Walinisikiliza kwa adabu, kisha mmoja akauliza kama chai imeiva.

Niliporudi kazini nilipendekeza tuache kusema dawa ya meno mbele ya wazazi, tuseme sabuni ya meno. Nilichekwa. "Bibi, tule sabuni?" Wengine walisema hicho si Kiswahili, na kwenye vipeperushi imeshachapwa. Sikuwa na cheo cha kubishana, ila shuleni kwangu nilisema sabuni mpaka nilipostaafu, na nawaambia nanyi semeni hivyo. Watoto watacheka, waacheni wacheke. Hakuna mzazi anayepaka sabuni kwenye jino bovu akasubiri lipone. Na siku zote malizieni sentensi: sabuni hii ni ya jino zima, jino likiuma ni hospitali siku hiyo hiyo, likivimba ni hospitali saa hiyo hiyo. Msiache nafasi ambayo mama ataijaza mwenyewe.

Hilo ni somo. Mama Kulwa hakulihitaji tena. Baada ya arobaini alikusanya miswaki yote na tyubu, akatumbukiza chooni. Kulwa akakatazwa. Asubuhi wenzake wakijipanga bombani, yeye alikuwa anasimama kando na kikombe chake cha uji, anawatazama. Nilimfuata mama yake nyumbani mara nyingi kuliko ninavyoweza kuwaambia. Alinipokea vizuri siku zote. Kiti, maji, shikamoo, hali ya nyumbani. Nikigusa mswaki anainuka, anakwenda kunifungia dagaa kwenye gazeti.

"Dagaa chukua, mama. Mswaki hapana."

"Mswaki haukumuua Doto, mwanangu."

"Najua. Ulinieleza. Naelewa kabisa." Na machozi yanamtoka. "Lakini mkono wangu haukubali."

Nilikuwa nimebembeleza watoto maelfu, nikashindwa kuubembeleza mkono wa mtu mzima mmoja. Nikafika umri wa kustaafu, nikafanyiwa kasherehe, nikapewa kitenge na picha ya ukutani. Nilirudi nyumbani nikiwa na sauti yake kichwani.

Mwaka huu, masika yalipokuwa yanaisha, Kulwa alikuja kwangu. Sasa ni binti mrefu, yuko shule ya msingi, sketi imekuwa fupi kwake. "Shikamoo Bibi Meno. Mama anakuita." Nilidhani kuna ugonjwa. Nilipofika nikamkuta Mama Kulwa amekaa kizingitini na mtoto mchanga mapajani, wa kiume, na kwenye ufizi wa chini yamechomoza meno mawili.

"Nimeogopa," akasema. "Yameota jana. Huyu nimfanyeje, mama? Niambie mpaka mwisho, usiruke."

Nikaomba kitambaa safi na maji ya uvuguvugu. Nikamlaza mtoto kichwa upande wangu, nikazungusha kitambaa kidoleni, nikafuta yale meno mawili na ufizi, taratibu. Nikamweleza mpaka mwisho. Akauliza hiki ni nini, nikasema maji. Akauliza tena, maji tu? Nikasema maji tu, kwa sasa. Akachukua kitambaa kwangu, akafuta yeye. Mtoto akacheka, akamng'ata kidole kwa yale mawili. Kwa mara ya kwanza tangu msiba nilimwona Mama Kulwa akitabasamu, nami nikasahau kuwa Kulwa amesimama nyuma yetu.

"Na mimi, Bibi?" akasema.

Akachuchumaa mbele yangu akafungua mdomo. Nikamwinua kidevu kuelekea kwenye mwanga. Gego la chini, la kudumu, lile ambalo likitoka halina jingine nyuma yake, lilikuwa limebaki kuta. Katikati ni shimo jeusi na ufizi wa pembeni umeanza kuinuka. Nikamgusa chini ya taya, akakunja uso.

"Linauma?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu muhula uliopita."

Mama yake akamgeukia. Hakupandisha sauti. "Kulwa, mwanangu. Mbona hukuniambia?"

Kulwa alifunga mdomo, akaangalia chini, akaanza kukwangua udongo kwa kidole cha mguu. Alijibu kwa adabu kabisa, kama mtoto aliyelelewa vizuri.

"Ningesema, mama, ungenipaka dawa."

Mama Kulwa alinipa mtoto mchanga nimshike. Akajifunga kitenge, akavaa viatu, akamshika Kulwa mkono, wakatoka kwenda hospitali.